Gego la mwisho linaota? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu jino la hekima

Maswali haya yanarudi kila wiki kwenye chumba cha meno. Mengi yanaletwa na vijana wa sekondari na vyuo, mengine na wazazi wao, na machache na watu wazima walioshtuka kuota jino wakati ndevu zimeshaanza mvi. Kama shavu lako limevimba sasa hivi, acha kusoma kwa mpangilio, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya *Dalili za hatari*.

## Kulijua jino lenyewe

Jino la hekima ni lipi hasa?

Ni gego la tatu, la mwisho kabisa huko nyuma. Simama mbele ya kioo uanze kuhesabu kutoka katikati kwenda upande mmoja: meno mawili ya mbele, chonge ni la 3, magego madogo mawili ni la 4 na la 5, gego kubwa la kwanza ni la 6, la pili ni la 7. Ukikuta jingine nyuma ya hilo, ndilo lenyewe. Ndiyo maana madaktari wa meno hupenda kuliita namba 8, na ukisikia wakisemezana "nane ya chini kulia" ujue wanazungumzia jino hili.

Mtu mwenye yote manne ana meno 32. Asiye nayo ana 28, na hapungukiwi na kitu.

Kwa nini linaitwa la hekima?

Kwa sababu ya umri tu. Linakuja wakati mtu anahesabiwa kuwa mzima. Waarabu nao huliita gego la akili kwa maana hiyohiyo. Halimwongezei mtu akili likiota, wala halimpunguzii likitolewa.

Huota mtu akiwa na umri gani?

Kwa kawaida kati ya miaka 17 na 25. Linganisha na ndugu zake: gego kubwa la kwanza huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, la pili akiwa na miaka 12. Kwa hiyo mzazi anayesema mwanawe wa darasa la sita anaota jino la hekima, mara nyingi anaona gego la pili.

Sisi Waafrika huwa tunatangulia kidogo. Uchunguzi uliofanyika Kenya miaka ya 1980 ulionyesha kwamba Wakenya Waafrika huota magego haya miaka 2 hadi 3 mapema kuliko Wakenya wenye asili ya Asia. Kijana wa miaka 16 mwenye namba 8 iliyokwisha kutokeza si jambo la ajabu.

Lazima yaote yote manne?

Hapana. Duniani, takriban mtu mmoja kati ya watano hukosa angalau moja, kwa sababu halikuumbwa kabisa ndani ya taya. Wengine wanayo yote lakini mawili yamebaki ndani ya mfupa. Kwa kutazama na kugusa huwezi kujua kama halipo au limejificha, mpaka upigwe picha ya eksirei.

## Dalili za jino linaloota

Nitajuaje kwamba linaota?

Dalili ya kwanza kwa wengi wala si maumivu. Ni hisia ya kitu kinachosukuma nyuma kabisa, kama taya limechoka, hasa asubuhi au baada ya kutafuna kitu kigumu kama muwa au mahindi ya kuchoma. Ulimi unaanza kwenda kule bila wewe kuutuma. Ukipitisha kidole kilichooshwa nyuma ya gego la pili, unakuta ufizi umejaa, laini, na ukiubonyeza unauma kidogo.

Baadaye ufizi unakuwa mwekundu au wenye weusi uliokolea, kutegemea rangi ya fizi zako, na unaweza kutoa damu kidogo ukipiga mswaki. Kisha siku moja kidole kinagusa ncha ngumu, nyeupe. Hiyo ni pembe ya jino imetoboa. Pembe nyingine zitafuata polepole.

Unaweza pia kujing'ata shavu mara kwa mara upande huo, hasa likiwa ni jino la juu, kwa sababu magego ya juu ya mwisho hupenda kuinamia nje.

Na wapo wasiohisi chochote. Jino limeota, limekaa sawa, wameambiwa na daktari siku walipokwenda kwa jambo jingine.

Mbona maumivu yanakuja na kuondoka?

Kwa sababu jino lenyewe linakwenda na kusimama. Linasogea wiki kadhaa, linatulia miezi, linaanza tena. Safari nzima yaweza kuchukua mwaka au zaidi. Maumivu ya kuota kwa kawaida hukaa siku chache, hayazidi wiki, kisha hupoa yenyewe. Yakizidi wiki, au kila yanaporudi ni makali kuliko mara iliyopita, hapo si kuota tu. Soma swali la kinyama kinachofunika jino.

Je, ni jino linaota au jino limetoboka?

Haya mawili huchanganywa sana, na kosa lake ni ghali, maana mtu anasubiri jino "limalize kuota" kumbe gego la pili linaoza.

Jino linaloota linauma kwenye ufizi. Ukibonyeza ufizi nyuma ya jino la mwisho, unapata mahali penyewe. Maji baridi hayalibadilishi sana. Jino lililotoboka linauma ndani ya jino: linashtuka kwa maji ya friji, chai ya moto au kitu kitamu, na uozo ukifika kwenye kiini, linapwita usiku ukilala mpaka unakosa usingizi. Ukiligonga taratibu kwa mpini wa kijiko na likauma, uelekeze shaka kwenye jino hilo.

Lakini yote mawili yanaweza kuwepo pamoja. Gego la mwisho likiota limeinamia mbele, chakula hukwama kati yake na jirani yake, na ubavu wa jirani ndio unaooza, mahali usipoweza kupaona kwa kioo.

Sikio, koo na kichwa vinauma pia. Vinahusiana?

Vinaweza. Neva inayopeleka hisia za taya la chini ina matawi yanayofika karibu na sikio na kwenye panja, pembeni mwa kichwa, kwa hiyo ubongo hukosea anwani. Wengi hufika kwa daktari wa meno wakiwa wameshatumia dawa ya matone ya sikio kwa wiki nzima. Tezi zilizo chini ya taya nazo huvimba na kumeza kunakuwa na shida upande mmoja.

Magego ya juu yana utata mwingine: mizizi yake iko karibu na uwazi wa hewa ulio ndani ya mfupa wa shavu. Mafua yakijaza uwazi huo, magego ya juu huuma kama yanaota. Ukiinama kufunga kamba za viatu na maumivu yakaongezeka, na magego kadhaa ya upande huo yanauma kwa pamoja, huenda tatizo ni mafua.

Kuota jino la hekima kunaleta homa?

Kuota peke yake hakuleti homa ya kweli. Ukiwa na joto la nyuzi 38 au zaidi, jua kuna maambukizi, ama hapo kwenye jino au kwingineko kabisa. Kwetu hapa homa usiisingizie jino kabla ya kupima malaria.

Kuna kinyama kimefunika nusu ya jino, na mdomo una ladha mbaya. Ni nini?

Hili ndilo swali ninalotaka kila msomaji alielewe, kwa sababu hapa ndipo matatizo mengi ya namba 8 yanapoanza.

Jino likitokeza nusu, ufizi unabaki umelala juu ya nusu ya nyuma kama kifuniko. Chini ya kifuniko kuna mfuko mdogo. Punje za wali, nyuzi za nyama na vijidudu vinaingia humo na mswaki haufiki. Ufizi unavimba, unauma, unatoa usaha kidogo wenye ladha ya chumvichumvi na harufu. Kitaalamu huitwa perikoronaitisi, na huwapata zaidi vijana wa miaka ya ishirini.

Kisha kuna jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi. Kifuniko kikishavimba, gego la juu linakigonga kila unapofunga mdomo. Kikigongwa kinazidi kuvimba, kikivimba kinagongwa zaidi. Ndiyo maana mtu anameza dawa, anapata nafuu siku tano, mwezi ujao yuko palepale. Tiba inaanza kwa daktari kuosha chini ya kile kifuniko kwa maji ya dawa mpaka uchafu utoke. Wakati mwingine husaga kidogo gego la juu au kuling'oa ili kipigo kikome. Kama jino la chini halina nafasi ya kumaliza kuota, hilo nalo litatolewa uvimbe ukishatulia.

Usikikate kinyama hicho mwenyewe wala usimwachie mtu akichokoe kwa wembe au sindano. Hata kikikatwa vizuri hospitali, mara nyingi huota tena jino likiwa bado liko chini.

Nitapimaje nyumbani kama hali ni ya kawaida au imeharibika?

Tumia vidole vyako vitatu: cha shahada, cha kati na cha pete. Vishikanishe, visimamishe wima, uviingize kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Mtu mzima mwenye taya zima kwa kawaida huvipitisha vyote vitatu. Vikiingia viwili tu, misuli ya kutafuna imeanza kukaza kwa sababu uvimbe umeikaribia. Kikiingia kimoja, nenda hospitali leo.

Nakipenda kipimo hiki kwa sababu maumivu hudanganya. Kidonge kinayazima, mtu anasema amepona, lakini hakuna kidonge cha maumivu kinachoweza kumficha mtu kwamba mdomo haufunguki. Pima asubuhi na jioni, kwa vidole vilevile.

## Kujitunza nyumbani

Nisukutue na nini?

Maji ya uvuguvugu na chumvi: nusu kijiko cha chai kwenye glasi moja. Inamisha kichwa upande wa jino, yaache maji yakae pale nusu dakika, tema. Fanya hivyo baada ya kila mlo na kabla ya kulala. Ni rahisi mno kiasi kwamba watu hawaiamini, ila kwa kinyama kilichoanza kuvimba hakuna kinachoishinda hapo nyumbani.

Na karafuu?

Karafuu ina ganzi ya asili, na watu wa Unguja na Pemba hawahitaji kufundishwa hilo. Ukitafuna punje moja taratibu upande unaouma, au ukichovya pamba kwenye mafuta ya karafuu yaliyochanganywa na mafuta ya kula, utapata nafuu ya muda. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa huunguza ufizi, kwa hiyo usiyamimine. Karafuu inatuliza tu, haiondoi uchafu ulio chini ya kinyama.

Asipirini iliyowekwa juu ya ufizi huunguza na kuacha kidonda cheupe. Maji ya betri na petroli ni sumu, usiyaweke kinywani kwa ushauri wa mtu yeyote.

Dawa gani ya maumivu ni salama?

Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine, parasetamoli vidonge 2 vya miligramu 500 kila saa 6, visizidi 8 kwa siku nzima. Angalia pakiti: vidonge vingi vya dukani vya kichwa na mafua tayari vina parasetamoli ndani, na ukichanganya unaweza kuumiza ini.

Ibuprofeni miligramu 400 baada ya kula, mara 3 kwa siku, husaidia zaidi panapokuwa na uvimbe. Asiitumie mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa hizi, wala mjamzito. Diklofenaki ni ya ukoo huohuo, kwa hiyo hazinywewi pamoja.

Niliwahi kupewa amoksilini na Flagyl. Ninunue tena dukani?

Usinunue. Dawa hizo zina kazi yake pale uvimbe unaposambaa, homa inapopanda au taya linapokaza, na daktari ndiye wa kupima. Zikitumika bila mfuko ule kuoshwa, vijidudu vinapungua, chakula kinaingia tena, na mzunguko nilioueleza kwenye swali la kinyama unaendelea. Kila ukirudia nusu dozi unawafundisha vijidudu kuizoea dawa, na siku utakayoihitaji kweli haitakusikia.

Nipige mswaki sehemu inayouma?

Ndiyo, na hapo ndipo pa kupiga zaidi. Tumia mswaki wa mtoto wenye kichwa kidogo. Usifungue mdomo kwa upana wote, kwa sababu shavu linabana na mswaki haupiti. Fungua nusu, uuingize kwa upande. Wanaotumia mswaki wa mti wautafune mpaka uwe laini kabisa kabla ya kuufikisha kule nyuma.

## Jino lililokwama

Kwa nini mengine hayatoki?

Nafasi. Taya la wengi linaisha kabla jino halijapata mahali pa kukaa, basi linainama mbele, linalala kabisa, au linabaki limesimama ndani ya mfupa. Yaliyoinamia mbele ndiyo mengi, na ndiyo yanayomharibu jirani.

Lazima ling'olewe?

Si lazima. Uingereza, tangu mwaka 2000, mwongozo wa huduma yao ya afya umekataza kung'oa magego ya mwisho yasiyo na ugonjwa kwa ajili ya kujihadhari tu. Marekani desturi ni tofauti, vijana wengi huyatoa mapema. Ndugu zetu walioko huko hushangaa wakiambiwa wang'oe manne kwa mpigo bila kuumwa. Wana haki ya kuuliza: picha inaonyesha ugonjwa gani?

Sababu za kweli za kung'oa ni uvimbe unaojirudia, jino lenyewe au jirani yake kuoza, usaha, au uvimbe wa majimaji ndani ya mfupa. Katika kuamua, mfikirie sana gego la pili. Hilo ndilo la kutafunia, na jino la pembe si dawa ya pengo.

Ni kweli linasukuma meno ya mbele yapandane?

Dhana hii imechunguzwa mara nyingi na haikuthibitika. Meno ya mbele ya chini hubanana kadiri umri unavyosogea, hata kwa watu ambao hawakuumbiwa magego ya mwisho.

Nikiling'oa la juu nitapofuka?

Hapana. Neva ya kuona iko mbali na haigusani na neva za meno. Hofu hii imewafanya watu wakae na majino yaliyooza kwa miaka, wengine mpaka usaha ukaenea.

Baada ya kung'olewa nitarajie nini?

Ng'ata shashi nusu saa bila kuchungulia. Kwa saa 24 usisukutue, usiteme kwa nguvu, usinyonye soda kwa mrija, usivute sigara, maana vyote hivi vinang'oa bonge la damu linalolinda kidonda. Kesho yake anza maji ya chumvi taratibu. Uvimbe huwa mkubwa zaidi siku ya 2 au ya 3, kisha hushuka.

Kama maumivu yalikuwa yamepungua, halafu kati ya siku ya 2 na ya 4 yakarudi makali na harufu, bonge limetoka na mfupa uko wazi. Rudi uwekewe dawa. Na kama mdomo wa chini au kidevu kimebaki na ganzi siku ya pili yake, mwambie daktari, kwa sababu neva inapita karibu na mizizi. Kwa wengi hisia hurudi ndani ya wiki au miezi.

## Dalili za hatari

Ni wakati gani nisisubiri hata kupambazuke?

Uvimbe umeshuka chini ya kidevu au shingoni na umekuwa mgumu. Huwezi kumeza mate yako. Sauti imebadilika kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Ulimi umeinuliwa juu. Unapumua kwa shida, au jicho linaziba.

Usaha wa magego ya chini unaweza kushuka chini ya ulimi na kuziba njia ya hewa kwa muda wa saa chache. Usiende zahanati ndogo kupoteza muda, nenda hospitali ya rufaa au ya mkoa yenye chumba cha upasuaji, usiku huohuo. Kaa wima njiani, usilazwe chali.

## Hali za pekee

Nina mimba. Nivumilie hadi nijifungue?

Usivumilie. Mimba hufanya fizi zivimbe kirahisi, na maambukizi yasiyotibiwa ni hatari zaidi kuliko matibabu. Kuoshwa ufizi kunafanyika wakati wowote. Kung'oa, kama kunaweza kusubiri, hupangwa miezi ya 4 hadi ya 6. Mwambie daktari kabla ya picha na kabla ya dawa yoyote. Kwa maumivu tumia parasetamoli.

Nina kisukari, selimundu, au natumia dawa za kuyeyusha damu.

Sema mara tu unapoingia, hata kama hujaulizwa, na uende na kadi yako ya kliniki. Dawa za kuyeyusha damu usiziache mwenyewe ili "ung'olewe vizuri". Uamuzi huo ni wa madaktari wote wawili kwa pamoja. Sukari ikiwa juu, uvimbe mdogo wa ufizi hukua haraka, kwa hiyo kwako usisubiri wiki niliyoitaja kwenye swali la maumivu yanayokuja na kuondoka. Siku mbili zinatosha.

Mama yangu ana miaka 68 na meno ya bandia, sasa anasema anaota jino. Inawezekana?

Inawezekana. Jino lililokuwa limelala ndani ya mfupa miaka yote huanza kuonekana mfupa na ufizi ulio juu yake vinapopungua kwa kukandamizwa na meno ya bandia. Kwake yeye halijasogea, ila kilicholifunika kimepungua. Avue meno ya bandia usiku, asiyakwangue kwa kisu ili yakae, na apelekwe apigwe picha, kwa sababu kidonda kisichopona ndani ya wiki mbili kwa mtu wa umri huo kinatakiwa kutazamwa na daktari hata kama kweli kuna jino chini yake.